Petroli ya Ziwa Albert: faida zinaandikwaje katika mkataba, na mkaaji wa Tchomia anaweza kudai nini?

Kwa miaka karibu makumi mawili sasa, kandokando ya Ziwa Albert, toka Kasenyi kupita Tchomia mpaka Mahagi-Port, wakaaji wanasikia neno petroli. Wamesikia habari ya masomo mapya, ya vituo vya afya, ya njia nzuri kushuka toka Bunia, ya kazi kwa vijana. Mpaka leo hakuna pipa hata moja lililotoka upande wa Kongo wa ziwa likauzwa. Samaki ndio wanaendelea kulisha watu, pale usalama unaruhusu.

Mikataba yenyewe haikukosekana. Mwaka 2006 Heritage na Tullow zilisaini na serikali ya Kinshasa kwa Bloki I na Bloki II. Mwaka 2008 serikali hiyohiyo ikapana Bloki I kwa kikundi kingine ambamo mlikuwa PetroSA ya Afrika Kusini. Juni 2010 ikatoka amri ya Rais: bloki zote mbili zikaenda kwa Caprikat na Foxwhelp, sosiete mbili zilizoandikishwa katika visiwa vya Virgin vya Uingereza, ambazo baadaye zilijulikana kuwa katika kikundi cha Dan Gertler. Kwa Bloki I peke yake, hiyo ni mikataba mitatu katika miaka minne. Na katikati ya hayo yote, Agosti 2007, mtaalamu wa Heritage aliuawa ziwani karibu na kisiwa cha Rukwanzi katika mapigano ya majeshi ya Kongo na Uganda. Mwezi uliofuata Marais wawili wakakutana Ngurdoto, Tanzania, wakasaini makubaliano juu ya mpaka na juu ya kutafuta mafuta kwa pamoja.

Kuirudia historia hii kuna sababu yake. Februari 2022 kikundi cha Gertler kilikubali kurudisha bloki hizo mikononi mwa serikali. Julai mwaka ule Kinshasa ikafungua mashindano kwa bloki 27 za petroli, nne zikiwa za bonde la Ziwa Albert. Oktoba 2024 mashindano hayo yakafutwa. Maana yake hakuna sosiete iliyoshinda, lakini mlango haukufungwa. Siku moja mwingine atakuja na karatasi, na karatasi ile itakuwa na sura ya faida. Namna sura ile itakavyoandikwa ndiyo itaamua kama Tchomia itakuwa na kitu cha kudai, ao itakuwa na kitu cha kukumbuka tu.

Tuanze na hesabu kubwakubwa, ju ndizo zinatangulia siku zote. Agosti 2014, sosiete Oil of DRCongo ilitangaza kwamba chini ya Bloki I na II kuko mapipa karibu bilioni 3, na kwamba kuyatoa kungeweza kuongeza pato la taifa kwa asilimia 25. Redio zilisoma, watu walifurahi. Lakini mapipa bilioni 3 yalikuwa makadirio ya mafuta yaliyo ndani ya ardhi, siyo yale yanayoweza kutolewa. Katika kisima chochote cha dunia, sehemu kubwa ya mafuta inabaki chini; hakuna pampu inayoimaliza. Tena miezi michache nyuma ya tangazo lile bei ya pipa ilianguka toka juu ya dola 100 mpaka chini ya dola 50. Hesabu ya faida iliyopigwa mwezi wa nane ilikuwa imeisha kufa mwezi wa kwanza.

Kusema kweli, hapo hakukuwa na uongo wowote, ju tangazo halikuahidi chochote. “Kungeweza kuongeza” ni maneno ya mtu anayekadiria. Shida inaanza pale makadirio yanapoingia ndani ya mkataba yakivaa nguo ya ahadi.

Mkataba wa petroli unaandikwa kwa Kifaransa, na Kifaransa kile kimepimwa neno kwa neno na mawakili. Ukikileta katika Kiswahili, tofauti zinaonekana wazi. “Sosiete itajenga kituo cha afya Tchomia” ni deni. “Sosiete itajitahidi kujenga” ni deni la kujitahidi tu: ikionyesha kwamba ilijaribu, imelipa. “Sosiete itachangia maendeleo ya wakaaji” haina kipimo. Mipira miwili na jezi za vijana ni mchango pia. Na “mradi unatazamiwa kuleta kazi kwa wakaaji” si deni la mtu yeyote, ju katika sentensi ile hakuna anayefanya kazi ya kuleta. Mradi hauwezi kuitwa mbele ya mahakama.

Ahadi inayoweza kudaiwa inasema nani atatoa, atatoa nini na kiasi gani, wapi, siku gani ao baada ya tukio gani, na nini kitatokea asipotoa. Ile ya tukio ndiyo inasahauliwa sana. Mikataba mingi inafunga faida kubwa kwenye “kuanza kwa uzalishaji”. Kwa Ziwa Albert hiyo ni hatari ya wazi: utafutaji umechukua miaka na miaka, uzalishaji haujafika. Kama masomo yanangoja pipa la kwanza, mtoto aliyezaliwa Tchomia mwaka wa mkataba wa kwanza ameisha kuwa mtu mzima bila kuyaona.

Kisha kuko ugawaji wenyewe. Mkataba unaotumika kwa petroli Kongo ni wa kugawana mazao, na wavuvi wanauelewa kuliko watu wengi wa ofisi. Mwenye mtumbwi na mashini akipeleka watu ziwani, samaki wakifika pwani anatoa kwanza pesa ya esanse na ya nyavu, halafu kinachobaki ndicho kinagawanywa. Siku mbaya, esanse imekula yote, na vijana waliovuta nyavu usiku mzima wanarudi nyumbani na samaki wa mboga tu. Mkataba wa petroli uko vilevile: sosiete inachukua kwanza mafuta ya kurudisha gharama zake, ndipo yanabaki mafuta ya faida ya kugawana na serikali. Basi mtu akisikia kwamba serikali itapata asilimia fulani, swali la kwanza ni asilimia ya nini. Ya mafuta yote, ao ya yale yaliyobaki nyuma ya gharama? Na gharama zile nani anazihakiki? Asilimia kubwa ya kitu kidogo ni kidogo.

Ile bonasi ya kusaini, ambayo magazeti yanaipenda, inaingia katika hazina ya taifa. Hakuna njia fupi toka pale mpaka Tchomia. Katiba, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, yakatwe palepale yanapopatikana, na sheria ya 2008 inazipa tawala za chini, kama vile sheferi na sekta, asilimia 40 ya fungu la jimbo. Tangu Katiba itoke mwaka 2006, majimbo hayajaacha kulalamika kwamba kukata kule hakufanyiki, kwamba wanangoja Kinshasa iwatumie, na inayotumwa ni pungufu. Pesa ya petroli ingefuata njia hiyohiyo: Kinshasa, Bunia, sheferi ya Bahema-Banywagi. Kila kituo kina mahitaji yake.

Swali gumu kuliko yote ni la saini. Sheria ya mikataba ya Kongo, ile dekrea ya 30 Julai 1888 ambayo ingali inatumika, inasema mkataba uliofanywa sawasawa ni sheria kwa wale walioufanya. Kwa petroli, walioufanya ni serikali na sosiete. Wakaaji wa Tchomia hawamo. Wakitajwa ndani, wanatajwa kama watu wanaozungumziwa. Sosiete isipojenga, mwenye haki ya kwanza ya kudai ni serikali, na serikali inaweza kunyamaza kwa sababu zake. Dekrea ileile inaruhusu watu wawili kuahidiana kitu kwa faida ya mtu wa tatu, naye wa tatu akikikubali anaweza kukidai. Lakini lazima maneno ya mkataba yaonyeshe kwamba hiyo ndiyo nia. Mstari mmoja unaosema jamaa fulani “wana haki ya kudai utekelezaji” unaweza kuwa na nguvu kuliko kurasa kumi za maendeleo endelevu.

Hapa ndipo mazungumzo mara nyingi yanachanganya petroli na zahabu. Sheria ya migodi iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa mrabaha kwa hesabu inayojulikana: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa utawala wa chini pale mgodi ulipo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Inaongeza mchango wa angalau asilimia 0,3 ya mauzo kwa maendeleo ya wakaaji, tena inalazimisha daftari la majukumu, lile watu wanaita kaye de sharje, linalosainiwa na jamaa wenyewe. Lakini hiyo ni sheria ya migodi. Petroli ina sheria yake ya 1 Agosti 2015, na kiongozi anayesimama mbele ya watu wa pwani akiwaahidi ile asilimia 15 anawaahidi mali ya sheria nyingine.

Hata mbao zina mfano wa kuangalia. Tangu amri ya waziri ya mwaka 2010, sosiete ya kukata miti inapaswa kusaini na wakaaji mapatano ya kijamii: dola 2 mpaka 5 kwa kila metakibu, kulingana na aina ya mti, zikiingia katika mfuko unaosimamiwa na kamati ya pale. Mifuko mingine imetumiwa vibaya, na sosiete nyingine zimechelewesha pesa. Lakini angalau kuko kitu cha kuhesabu: gogo limepita, metakibu ngapi, pesa iko wapi. Hakuna kinachozuia mkataba wa petroli kuandikwa vile.

Ng’ambo ya ziwa kuko somo lingine. Kule Kabaale, karibu na Hoima, Uganda ilianza mwaka 2012 kuchukua eneo la kilometa mraba 29 kwa kujenga kiwanda cha kusafisha mafuta. Wengi walichagua pesa. Familia zilizochagua kupewa ardhi na nyumba ziliingoja ahadi ile mpaka 2017. Miaka mitano, huku watu wanaogopa kupanda mazao ya muda mrefu katika mashamba ambayo si yao tena. Faida waliipata, tarehe ndiyo haikuwalinda.

Tena mikataba inahesabu faida bila kuhesabu hasara, na kwa Tchomia hasara ina jina. Wakati meli ya vipimo inapita, mitumbwi inaambiwa isogee. Mtambo ukisimama ziwani, unazungukwa na eneo la kukatazwa. Wavuvi wa Ituri wanaokamatwa mara kwa mara na walinzi wa Uganda wanajua mpaka wa majini unavyoumiza hata bila petroli. Siku ya uvuvi iliyopotea inaweza kuwekewa bei: mitumbwi mingapi, siku ngapi, kilo ngapi kwa bei ya soko. Lakini anayetaka kuidai lazima awe na hesabu ya kabla, iliyoandikwa na wavuvi wenyewe mbele ya meli kufika.

Kusoma mkataba nako kuna sheria yake. Dekrea ya 20 Mei 2011 inataka kila mkataba wa mali ya asili utangazwe ndani ya siku 60 tangu kuanza kutumika. Ukitangazwa, utakuwa Kinshasa, kwa Kifaransa, katika intaneti. Toka pale mpaka gati la Tchomia kuko safari ndefu, na wale ambao kwa kawaida wangeifupisha ni wabunge wa jimbo. Lakini Ituri imewekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu 6 Mei 2021. Siku ile ile bunge la jimbo, lenye kazi ya kumuuliza liwali maswali ya namna hii, lilisimamishwa.