Afya ya Mama: Mishipa ya Miguu na Desturi ya Kukandwa



Dada mmoja aliyeolewa Eldoret ametuletea suali. Ana mimba ya miezi saba, ndiyo ya tatu, na kutwa husimama dukani. Mishipa ya nyuma ya magoti imemvimba na kupindapinda, na jioni miguu huwa mizito na kumwasha. Mamake aliyeko Mombasa, alipoarifiwa kwa simu, alisema ni baridi ya bara imemwingia, akaagiza akandwe kwa mafuta ya moto kila usiku. Dada anauliza: je, akandwe?

Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ni ya kweli. Lakini si ya kulaumiwa hapa, kwani wajawazito wa Mombasa na Lamu nao huvimba mishipa katika joto. Sababu ni mimba yenyewe. Damu ya mjamzito huongezeka kwa karibu nusu, homoni hulegeza kuta za mishipa, na mji wa mimba unaokua huukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Damu ya miguuni ikichelewa kupanda, mishipa hujaa.

Kwa walio wengi hali hii haina hatari, nayo hupungua miezi michache baada ya kujifungua. Kwa sasa, dada aweke kiti dukani, atembee kidogo kila mara, na akikaa azungushe vifundo vya miguu. Akipumzika, aiinue miguu juu ya mto. Usiku alalie ubavu wa kushoto, kwa kuwa mshipa ule mkubwa hupita upande wa kulia wa uti wa mgongo. Amuulize mkunga kuhusu soksi za kubana na kipimo kinachomfaa, azivae asubuhi kabla miguu haijajaa.

Katika swala pia ipo nafasi. Sahaba Imran bin Huswein (R.A.) aliugua bawasiri, ambayo nayo ni mishipa iliyovimba, na wajawazito wengi huijua. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza aswali kwa kusimama, asipoweza, kwa kukaa, asipoweza, kwa ubavu. Hadithi hii imo katika Sahihi ya Bukhari. Basi anayeshindwa kusimama asione haya kukaa.

Ama kukandwa, kupaka mafuta kwa mkono mwepesi hakuna neno, lakini mishipa iliyovimba isikandwe kwa nguvu. Na mguu mmoja ukivimba kuliko wa pili, ukauma kwenye shavu la mguu, ukawa moto au ukabadilika rangi, usikandwe kabisa. Huenda damu imeganda ndani, na kipande chake kikichomoka kikafika mapafuni, kinaweza kuua. Mama huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Eldoret kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Akipungukiwa na pumzi au akiumwa na kifua, asingojewe hata saa moja. Vilevile uso na mikono ikivimba ghafla na kichwa kikauma sana, awahi hospitali, kwani huenda ni shinikizo la damu.

Hatari ya damu kuganda huwa kubwa zaidi katika wiki 6 za mwanzo baada ya kuzaa, yaani takriban arubaini yetu. Kumpumzisha mzazi ni huruma, lakini asilazwe kitandani kutwa kucha. Ainuke, atembee humo nyumbani, anywe maji ya kutosha. Na mkandaji, kabla ya kuchovya kitambaa katika maji ya moto, aitazame kwanza miguu yote miwili na kuuliza kama kuna unaouma.

Kina mama wakubwa, binti zenu wanawasikiliza kuliko wanavyomsikiliza daktari. Wahimizeni wamwonyeshe mkunga miguu yao kila waendapo kliniki, hata kama hawajaulizwa.

Wabillahi tawfiq.