Avoka si wa kashot peke yake: tamko kwa vijana wa Munigi wanaoanza biashara



Tumesoma, tuko na madiplome, kazi hakuna. Dawa ambayo kila mkubwa anatupatiaka iko moja tu: "Mujitegemee, muanzishe biashara." ONG inasema vile, mwanasiasa anasema vile, mchungaji anasema vile, mpaka wazazi waliouza mbuzi na shamba ili kutulipia minervali nao wameanza kusema vile. Sawa, tumesikia. Lakini tuko na swali kwa wote wanaotuita kwenye maformasioni ya ujasiriamali: kwa nini katika zile siku tano, na tisheti, na kalamu, na sambusa na Fanta ya saa sita, hatuonaka hata saa moja ya sheria? Munatufundisha kuandika plani ya biashara. Munatufundisha kusimama mbele ya majaji na kuuza wazo letu kwa dakika tatu. Hakuna anayetuambia nani atalipa deni kama mwenzetu amevuka Gisenyi na hakurudi. Hakuna anayetuambia mwenye nyumba iko na haki gani na sisi tuko na haki gani. Munatufundisha kuogelea kwenye ubao wa darasa, kisha munatupiga picha.

Sisi tunasema wazi: kijana anayeanza biashara na wenzake anafaa kuonana na avoka mbele ya kununua mashini, mbele ya kulipa garanti ya nyumba, mbele ya kuchukua deni. Mbele, si nyuma.

Tunajua mutacheka. Huku kwetu avoka ni mtu wa kashot. Tunamutafutaka wakati ndugu amefungwa, ao wakati kiwanja kimoja kimeuzwa kwa watu watatu na wote wako na karatasi yenye kashe. Ukionekana unatembea na Maître barabarani, jirani anauliza: "Kumepita nini?" Hakuna anayewaza kwamba labda unataka tu kufungua depo ya unga.

Chukueni mfano mmoja, tunaujua vizuri juu ni wa hapa kwetu, na majina hatutayataja. Vijana wanne, wote wametoka univerisite, walianzisha mashini ya kusaga unga karibu na barabara ya Rutshuru, mwaka 2021, miezi miwili baada ya volkano ya tarehe 22 Mei. Kila mmoja alitoa dola 500. Mashini yenyewe walichukua kwa deni kwa mfanyabiashara wa mjini. Karatasi kati yao wanne: hakuna, "juu sisi ni wandugu." Karatasi na mwenye nyumba: ukurasa mmoja wa daftari, miaka mitatu, garanti ya miezi sita, sinyatire mbili, na shahidi mmoja ambaye ni shemeji ya mwenye nyumba. Wakamwaga sima kwenye sakafu, wakavuta umeme, wakapaka rangi. Kazi ikatembea. Wakati madeplase wa Rutshuru walipojaa Kanyaruchinya, ile mashini haikulala.

Mwisho wa mwezi wa saba 2024 miaka mitatu ikaisha. Mwenye nyumba akasema: wiki mbili mutoke, nyumba nimepatia mtoto wa dada yangu. Mtoto wa dada akafungua nini? Mashini ya kusaga unga. Juu ya sima ileile. Mwezi uleule, mmoja wa wale wanne, aliyekuwa anashika feza, akapotea. Yule aliyeuza mashini kwa deni hakuhangaika kumutafuta aliyepotea. Alimutafuta mwenye kiwanja kwa jina lake. Akamudai deni yote, si robo. Njo sasa wakaenda kwa avoka, wakiwa wamebaki na feza ya kumulipa ya saa moja tu.

Ile saa moja avoka aliwaambia mambo mawili, na tunayaandika hapa juu yanatuhusu wote.

La kwanza ni kuhusu deni. Congo iko ndani ya OHADA tangu tarehe 12 Septemba 2012. Ni sheria moja ya biashara kwa nchi 17 za Afrika, na korti yake ya mwisho iko Abidjan. Katika ile sheria, watu wawili ao zaidi wakitumika kama washirika bila kuandika sosyete yoyote, jaji anaweza kusema: hii ni sosyete iliyozaliwa kwa matendo yenu. Na hapo kila mmoja anabeba deni zote za biashara, kwa mali yake mwenyewe. Mwenye kudai anaenda kwa yule aliye na kitu. Kwa hiyo kile tunachoitaka "sisi ni wandugu, karatasi ya nini", sheria inakiona kama mkataba mzito kuliko yote: kila mmoja ameahidi kulipa kwa ajili ya wote. Kama wale wanne wangeandika SARL, na kama hakuna aliyetia sinyatire ya kujitolea dhamana mwenyewe, kila mmoja angepoteza dola zake 500, basi. Kiwanja kingelala salama.

La pili ni kuhusu nyumba, na hili linauma zaidi. Mpangaji ambaye ametumika biashara yake fasi ile kwa miaka miwili, kulingana na mkataba, iko na haki ya kuomba mkataba uendelee. Mwenye nyumba akikataa bila sababu ambayo sheria inakubali, analipa fidia. Lakini mkataba ukiwa na tarehe ya mwisho, ombi linafaa kutumwa miezi mitatu mbele ya ile tarehe, kwa njia inayoacha alama. Ukichelewa, haki imeanguka. Wale wanne walikuwa na ile haki mkononi mpaka mwisho wa mwezi wa ine 2024. Waliikalia bila kujua iko chini yao. Barua moja.

Na kama mkataba hauna tarehe ya mwisho? Mwenye nyumba hawezi kukutoa kwa wiki mbili. Sheria inamuomba akujulishe angalau miezi sita mbele. Hata mkataba wa mdomo sheria inautambua, shida ni kuuhakikisha. Sasa mujiulize, ninyi wa Munigi, wa Majengo, wa Katoyi, ni wangapi wamefukuzwa kwenye butiki kwa kelele tu, kitanda cha bidhaa kimetupwa kwenye vumbi la volkano, na tukasema "ni nyumba yake, tutafanya nini"?

Wakubwa watatuambia kijana ni muvivu, hasomi. Asome nini na kwa lugha gani? OHADA iko na lugha za kazi ine: Kifaransa, Kiingereza, Kispania na Kireno. Kiswahili hapana. Na Katiba yetu ya 2006, artikle 142, inaagiza Serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha ine za taifa, ndani ya siku 60 baada ya kutangazwa. Kiswahili ni moja ya zile ine. Tarehe 8 Septemba 2022 Kinshasa ilitia sinyatire ordonansi-lwa ya kuendeleza ujasiriamali na ma-startup. Mama anayeuza makala hapa Munigi alisomewa siku gani? Fundi anayechomelea milango alipewa kopi na nani? Sheria inayobaki Kifaransa kwenye Journal officiel iko kwa ajili ya watu wenye avoka, na wenye avoka ni wale wenye nyumba.

Nafasi ambayo avoka hayupo, komisioneri anaijaza. Munamujua: iko na mfuko wa plastiki umejaa fotokopi, anajua "mtu wa ndani", anakuuzia namba ya RCCM "ya haraka", na hautajua kama ile namba imeandikwa kwenye rejista ao kwenye kompyuta ya sekretaria publiki tu. Anaweza kukulipisha hata kitu cha bure. Hapa tuseme kitu ambacho wengi hawakijui: si kila mtu anahitaji sosyete. Dada anayekaanga mandazi peke yake, kijana anayetengeneza masimu peke yake, OHADA imewawekea mlango wao, unaitwa "entreprenant". Unatangaza kazi yako, na kutangaza kwenyewe sheria inasema ni bila malipo. Avoka wa kweli atakuambia: wewe hauna lazima ya SARL, nenda katangaze, urudi siku utaingiza mwenzako. Komisioneri hawezi kukuambia vile, juu anakula kwenye kila karatasi.

Ndiyo, avoka iko bei. Tunawageukia sasa ninyi Maîtres, bila kuwatukana. Makabine yenu yako mjini, mlango umefungwa nusu, bei haijulikani mpaka mtu aketi, na akisha kuketi anaona aibu kusimama. Munalalamika watu wanakuja wakiwa wamechelewa. Wangekuja mapema namna gani? Sheria yenu wenyewe, ile ya tarehe 28 Septemba 1979 inayopanga kazi ya barreau, inawaomba kuwa na ofisi ya kushauri bure wasio na uwezo. Tunaijua ile ofisi kwa kesi za watu waliofungwa. Kwa kijana anayetaka kusomewa mkataba wa nyumba kabla ya kuusinya, tunataka kuiona pia, na tunataka kuiona Munigi, siku moja kwa mwezi, kwenye sale ya shule ao ya kanisa. Kiti na meza tutaleta sisi.

Wenzetu waliosoma sheria na wako mtaani kama sisi, tunawapenda, lakini diplome ya sheria haimufanye mtu kuwa avoka. Mtu akikuambia "mimi ni Maître", muombe kadi ya barreau. Yule defansere judisieri naye iko na kazi yake halali, muulize tu mapema ni yeye nani. Anayekasirika juu ya lile swali, muache aende.

Kuna jambo lingine ambalo hatuwezi kulipita kimya. Tangu mwisho wa Januari 2025 mji uko mikononi mwa AFC/M23. Benki zilifungwa. Watu wanafungua biashara hivihivi, juu tumbo halingojei mazungumzo. Sasa karatasi unayopewa leo, nani ataitambua kesho? Kodi unayolipa leo, siku Leta ya Kinshasa ikirudi, itakuuliza tena? Mkopeshaji wako iko Bukavu, Kampala ao Beni: ukigombana naye, ni tiribinali gani itawasikia? Hakuna formasioni itakayojibu haya. Komisioneri atajibu haraka sana, na atadanganya. Avoka mwaminifu labda atakuambia: "Hapa hakuna jibu la hakika, kwa hiyo tuandike hivi na hivi kwenye mkataba, tuchunge kila risiti, tupange mapema nani atatuamua." Hata lile jibu ni mali, juu linakuonyesha fasi ya kutotia mguu.

Kwa hiyo tunadai. Ninyi wa ONG: kila formasioni ya ujasiriamali Goma na Nyiragongo iwe na avoka kwa siku nzima, na kijana anayepewa feza ya kuanzia apewe pia feza ya kuandikisha mkataba wake. Punguzeni tisheti. Ninyi mnaoongoza, wa jana na wa leo: bei ya kila karatasi ya biashara ibandikwe ukutani, kwa Kiswahili, mlangoni mwa ofisi. Ninyi wenye nyumba: mkataba wa kweli unawachunga ninyi pia, mpangaji asiye na karatasi hata deni ya miezi minane mutamudai kwa shida.

Na sisi wenyewe hatungojei. Tunajua kuchanga, ma-AVEC yamejaa katika kila avenue, tunachangia arusi, tunachangia kilio. Basi vikundi kumi vya biashara vinaweza kuchanga na kumulipa avoka mmoja kwa siku moja kwa mwezi. Kila kikundi kinaleta karatasi zake: makubaliano kati ya washirika, mkataba wa nyumba, deni. Bei inazungumzwa mara moja, mbele ya wote, na inaandikwa. Mkataba unasomwa kwa sauti, kwa Kiswahili, mpaka yule ambaye hakusoma aseme ameelewa.

Kundi la kwanza tunaanza nalo Munigi. Wenye kutaka kuingia wamuone responsable wa avenue yao, waje na majina ya washirika wote na kopi ya kila kitu walichokwisha kusinya, hata kama ni ukurasa wa daftari. Ambaye mkataba wake wa nyumba unaisha ndani ya miezi ine inayokuja, asingojee kikundi kitimie. Aje wiki hii.