Nyumba ya Wazee: Iuzwe au Ipangishwe?

Kijana mmoja aliyepata kusoma katika madrasa yetu hapa Mwisenge, Musoma, alitujia baada ya sala ya alasiri na swali lililomkaa moyoni. Mama yake, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Lamu, naye amewaachia wanawe nyumba kongwe ya mawe. Yuko mgeni atakaye kuinunua kwa fedha nyingi, apate kuwapangisha watalii wakati wa likizo. Ndugu wawili wataka iuzwe. Dada yao hataki. Swali hili si la nyumba moja tu, basi twapenda kulijibu mbele ya wasomaji wetu.

Kwanza kifahamike kitu kinachouzwa. Nyumba kama hiyo imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake imebebwa na boriti za mikoko. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Mlangoni liko daka lenye baraza za mawe, ambapo mgeni hukaribishwa asiwaone watu wa ndani. Nyuma yake kiko kiwanda, yaani ua, kisha misana, na mwisho ndani kwenyewe, penye vidaka vya chokaa vilivyochongwa ukutani. Aliyeijenga alikusudia kuihifadhi sitara ya jamaa zake. UNESCO iliutia Mji wa Kale wa Lamu katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na Mji Mkongwe wa Unguja uliutangulia mwaka 2000.

Sisi wenyewe tulipata kupanga nyumba ya namna hiyo kwa siku sita, pamoja na jamaa zetu, wakati wa likizo ya watoto. Tulivuka mpaka Sirari, tukapita Nairobi na Mombasa hata Mokowe, tukapanda mashua mpaka Lamu. Mtunza nyumba alitupokea kwa adabu na kutuonyesha vyumba vyote. Alipofika chumba cha ndani alisimama kidogo, akasema, "Hapa ndipo nilipozaliwa." Baba yake na nduguze waliiuza nyumba ile, fedha ikagawanywa kwa watu wengi, na haikupita miaka miwili ikawa imekwisha. Sasa yeye ashika funguo za nyumba ya babu yake kwa mshahara wa mwezi. Hakulalamika, lakini usiku ule usingizi ulituruka.

Hapana budi tuseme kwamba kumpangisha mgeni si aibu. Huko Ufaransa, vijiji vingi vilipokuwa vikihamwa na watu, wenye nyumba za kale walisaidiwa kuzitengeneza na kuzipangisha kwa watu wa mijini wajao kupumzika. Nyumba hizo huitwa gîte, na shirikisho lao, Gîtes de France, liliundwa mwaka 1955. Mgeni hulipa, akakaa juma moja au mawili, akaenda zake. Nyumba ikabaki kwa mwenyewe, na kodi ikaziba paa. Ikiwa wao wamehifadhi kwa njia hiyo, sisi twashindwa na nini?

Basi kwa kijana wetu twasema hivi. Kila mrithi ana haki ya sehemu yake, na mwenye shida ya fedha asilazimishwe kungoja. Lakini yafaa aanze kuwauzia wenziwe, nao wampe bei ya haki. Watakaobaki na waandikiane: nani msimamizi, kodi ni kiasi gani, na itagawanywaje. Gharama za matengenezo zitolewe kwanza, kisha kila mtu apewe kwa kadiri ya fungu lake la mirathi, dada asipunjwe kwa kuwa yu mbali au ni mwanamke. Kuta zitengenezwe kwa chokaa, si saruji, kwani saruji huzuia unyevu kutoka, na ukuta wa matumbawe ukaharibika. Tena mpangaji asomewe masharti kabla ya kulipa: ulevi marufuku, mavazi ya heshima barazani, na utulivu wakati wa sala. Asiyeyapenda na atafute kwingine.

Nanyi mnaotaka kupanga nyumba kama hizi kwa mapumziko, ulizeni kwanza mwenyewe ni nani, maji na mapishi ni juu ya nani, na akiba mliyoweka itarudishwa lini. Msipigilie misumari katika vidaka. Wafundisheni watoto kupiga hodi na kutoa salamu kwa majirani, maana kodi mliyolipa ni ya nyumba, si ya mtaa mzima.

Kijana alitusikiliza hata mwisho, kisha akauliza, "Na ikiwa kodi ya mwaka mzima haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya mnunuzi?" Tukamjibu: haitafika. Lakini bei huliwa mara moja, na wajukuu hawaikuti. Akanyamaza, akatoa simu yake, akatoka uani kumpigia dada yake.

Wabillahi taufiki.