Ukuta Usiomficha Mgonjwa

Vijana wenzetu wa parokia,

Kila panapotajwa kujenga kituo kipya cha afya katika Lubero yetu, mazungumzo huanza na saruji, mabati na mashine. Nani ataleta mashine ya kupiga picha? Umeme utatoka wapi? Maswali hayo ni ya haki, ila kwa maoni yetu liko lingine linalopaswa kuyatangulia: mgonjwa akilazwa ndani, jamaa zake watakuwa wapi, nao wataona nini? Katika miaka ya Ebola swali hilo lilijibiwa vibaya kwanza, likajibiwa vema baadaye, na waliolipa gharama ya kuchelewa huko ni watu wetu wenyewe.

Tukumbuke mambo yalivyokwenda. Mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kutoka Mangina, karibu na Beni, ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walikuwa 3,470, waliofariki 2,287. Vituo vya matibabu vilisimamishwa kwa haraka kwa mahema na nyuzio za plastiki, na waliohudumu ndani walivaa mavazi yaliyowafunika tangu utosini hadi nyayoni. Kitaalamu mpango ule ulikuwa na hekima yake. Njia ilielekea upande mmoja tu, kutoka sehemu safi hadi sehemu ya hatari, ili mhudumu asirudishe maambukizi nyuma. Hekima hiyo ilihitajika sana, kwa maana wahudumu wa afya zaidi ya 160 waliambukizwa, na watoto wengi waliopelekwa kutibiwa malaria katika vituo vya kawaida walitoka humo na Ebola.

Lakini aliyesimama nje ya uzio aliona jambo lingine kabisa. Alimwona mama yake akiingia kwa miguu yake mwenyewe, na baada ya siku chache akarudishiwa mfuko uliofungwa. Ya katikati hakuyaona. Jicho likinyimwa, ulimi hujaza nafasi: zikasemwa habari za viungo vya watu kuuzwa, za sindano za kuua, za biashara ya Ebola iliyowanenepesha wachache wenye magari mapya. Siasa nayo ikatia kuni motoni. Mwezi Desemba 2018 uchaguzi wa Beni na Butembo uliahirishwa hadi Machi 2019, Ebola ikiwa miongoni mwa sababu zilizotolewa, na waandamanaji wakakivamia kituo cha kupokelea washukiwa wa ugonjwa mjini Beni. Mwezi Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa ndani ya juma moja. Tarehe 19 Aprili, Daktari Richard Mouzoko, mwana wa Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi katika Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben, Butembo. Hatusemi kwamba uvumi peke yake ndio ulioshika bunduki. Tunasema kwamba pale wananchi wasipojua kinachotendeka ndani, mwenye bunduki hupata pa kujificha.

Jibu lililo bora lilikuja kwa umbo la chumba. Shirika la ALIMA lilisimamisha Beni vyumba viitwavyo CUBE, vyenye kuta za plastiki angavu. Muuguzi aliweza kumhudumia mgonjwa akiwa nje, kwa kuingiza mikono katika glovu ndefu zilizoungwa ukutani, pasipo kila mara kuvaa yale mavazi mazito ambayo mtu hawezi kuyavumilia kwa muda mrefu katika joto. Mume alikaa upande wa pili akimtazama mkewe, akazungumza naye, akamwona akinywa uji. Katika Beni na Butembo waliopona, ambao miili yao ilikuwa imekwisha kupata kinga, waliitwa kuwabeba na kuwabembeleza watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa au wamefariki. Hayo yote hayakuwa pambo la huduma. Jaribio la dawa lililoanza Novemba 2018, ambalo Profesa Jean-Jacques Muyembe alikuwa miongoni mwa viongozi wake, lilionyesha kufikia Agosti 2019 kwamba dawa mbili zinaokoa, hasa kwa wanaofika mapema. Moja ya dawa hizo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Basi nani atafika mapema katika nyumba anayoiogopa?

Hapa Kasugho tunao mfano usiotarajiwa. Tangu mwaka 2009 kiko kwetu kituo cha GRACE, kinacholea gorila yatima. Waliokipanga walianza kwa kuuliza gorila huishije, wakajibiwa kwamba huishi kwa jamaa. Ndiyo maana yatima hao wameunganishwa kuwa familia moja na kupewa msitu uliozungushiwa uzio. Hatuwaonei gorila kijicho. Tunauliza tu kwa nini mara nyingi ramani ya wodi ya binadamu haianzi kwa swali lile lile. Kwetu mgonjwa haji peke yake: huja na mwenye kumwuguza, mwenye sufuria, kuni na mkeka. Ramani isiyoweka jiko, maji na mahali pa kulala kwa ajili ya huyo, itamkuta akipika nyuma ya ukuta wa maabara, kando ya shimo la taka, kisha atakemewa kwamba hana usafi.

Kuendesha kituo ni kazi ngumu kuliko kukijenga, na hilo husemwa kwa nadra, pengine kwa sababu siku ya kubadilisha betri haina utepe wa kukatwa. Mabamba ya nguvu ya jua hufungwa kwa nyimbo. Miaka michache baadaye betri zinakufa, na hakuna aliyeweka akiba. Mashine ya maabara hutolewa zawadi, vitendanishi vyake havinunuliki, fundi wake yuko mbali. Wakati wa mlipuko chanjo ya Ebola ilihifadhiwa katika nyuzi 60 chini ya sifuri au zaidi ya hapo, ikafikishwa hata vijijini. Kumbe inawezekana! Lakini mahema yalipokunjwa, mkunga wa kijijini alibaki akizalisha kwa tochi ya simu. Na kwa kuwa muuguzi hutegemea sana fedha ya wagonjwa, mama maskini huweza kuzuiwa kituoni na kichanga chake hadi deni lilipwe. Jambo hilo ni aibu, hata likitendeka katika nyumba yenye msalaba mlangoni. Mfuko wa bima wa kijiji, unaochangiwa kidogo kidogo baada ya mavuno, ungeondoa sehemu kubwa ya aibu hiyo, mradi hesabu zake zibandikwe mahali ambapo kila mwanachama ataziona.

Wako watakaosema kwamba kujadili majiko na madirisha ni anasa katika nchi ya vita. Wana haki ya kusema. Mwezi Oktoba 2022 kituo cha afya cha Maboya kilichomwa moto, na Sista Marie-Sylvie Kavuke Vakatsuraki, daktari, akauawa humo. Mwezi Novemba 2025 Byambwe nayo ikapatwa, akina mama wakiwa miongoni mwa waliouawa. Hakuna ramani izuiayo risasi. Hata hivyo hatukubali kwamba jibu ni kuta ndefu zaidi na askari mlangoni, maana mwaka 2019 misafara yenye silaha iliwaongezea wengi hofu ya kwenda kutibiwa. Mlango wa pili wa kutokea, dawa zisizowekwa zote katika ghala moja, nyumba ya wauguzi iliyo karibu na majirani: hayo pia ni usanifu, na gharama yake si kubwa.

Kila eneo la afya linapaswa kuwa na kamati ya maendeleo ya afya, ambamo wananchi huketi pamoja na muuguzi mkuu kuzungumzia bei, dawa na majengo. Mara nyingi wajumbe wake ni wazee, nao wanachoka. Kundi lenu lina wanafunzi wanaojua hesabu, mafundi wanaosoma ramani, wasichana ambao kesho watajifungulia humo. Mwulizeni muuguzi mkuu kikao kijacho ni siku gani, na ni nani kati yenu atakayeketi humo.