MGONJWA HAKUULIZWA



Kila mwaka wakubwa hututangazia idadi ya vituo vya afya vilivyojengwa na vilivyopakwa rangi. Majengo huhisabiwa, vitanda huhisabiwa, hata mapazia nayo. Kauli ya mgonjwa peke yake ndiyo isiyohisabiwa.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 watu wa Visiwa hivi waliahidiwa matibabu bila ya malipo. Ahadi hiyo ni njema, wala hatuikejeli. Lakini nendeni Jumatatu asubuhi katika kituo kilicho jirani na duka langu. Mama na mwanawe mwenye homa hufika alfajiri. Tabibu hutokea saa nne. Akishafika hamtazami mtoto usoni: huandika, hutoa kikaratasi, na kauli yake ni moja tu, dawa hakuna, kanunueni. Nayajua haya kwa kuwa kikaratasi hicho huletwa kwangu, nikaulizwa kama ninayo panado ya watoto, au kama naweza kukopesha nauli ya kwenda mjini. Nami muuza mchele na unga! Bibi mmoja aliniapia kuwa kukosa dawa hustahamili. Asichokistahamili, naye ana umri wa kumzaa yule tabibu, ni kukemewa mbele ya watu.

Hatuwalaumu watumishi wote. Wamo wauguzi wafanyao kazi ya watu watatu, na hao nao hawaulizwi.

Tutajibiwa kuwa sanduku la maoni lipo. Naam, lipo, limepigiliwa ukutani na kufuli lake limeshika kutu. Bibi yule hati aijuayo ni ya chuoni. Nani atamwandikia, na nani atamsomea? Tena mwenye ufunguo ndiye mwenye kushitakiwa. Tangu lini mdaiwa akawa kadhi wa kesi yake?

Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata, na Azimio lao ndilo lililoieneza duniani hiyo iitwayo afya ya msingi. Humo yalikubali kuwa watu wana haki, tena wana wajibu, wa kushiriki katika kupanga na kutekeleza huduma za afya yao. Basi twauliza: katika shehia yako, ewe msomaji, nani aliyekushirikisha, na siku gani?

Mimi nikiuza mchele wenye wadudu, mteja hunifedhehi papo hapo, na kesho huhamia duka la pili. Maskini mgonjwa hana duka la pili.

Twataka sanduku lifunguliwe kila mwezi mbele ya watu, na asiyejua kuandika asikilizwe kwa mdomo wake. Twataka orodha ya dawa zilizopokelewa ibandikwe mlangoni, pamoja na siku zilipofika na siku zilipokwisha. Ama vile vikaratasi, wenyewe wameniridhia nivihifadhi, navyo vimo katika bweta chini ya mizani yangu. Mkubwa atakaye kuvihisabu na aje. Duka hufunguliwa baada ya sala ya alfajiri.