Maktaba Husubiri, Mzee Hasubiri



Wapendwa wasomaji, muhula umekwisha. Pamoja na kazi za parokia, mimi nami ni mwanafunzi wa utafiti katika elimu ya dini, na juma hili imenibidi kumwandikia msimamizi wangu taarifa ya maendeleo. Niliahidi sura tatu. Nimekamilisha moja na nusu. Lakini hiyo ni aibu ndogo.

Utafiti wangu unahusu sala za Wasukuma: jinsi wazee walivyomtaja Mungu kwa jina la Liwelelo, na nafasi ya masamva, yaani roho za wahenga. Mwanzoni mwa muhula nilimwahidi bibi mmoja wa upande wa Magu kwamba ningerudi na kinasa sauti, anieleze maneno aliyoyasikia kwa babu yake walipoomba mvua. Nikaahirisha: mara Kwaresima, mara semina, mara sura ya nadharia iliyodai vitabu kumi zaidi. Nilipofika, nilionyeshwa kaburi. "Alikuwa akikuulizia, Padre," wakasema jirani zake.

Sisi wasomi wa dini tumezoea kupima kazi kwa idadi ya kurasa. Naona tumekosea mpangilio. Najua nitaambiwa kwamba kusikiliza bila nadharia ni kuokota maneno bila kuyaelewa. Ni kweli. Lakini kitabu ambacho sikukisoma mwaka huu nitakikuta rafuni mwakani. Padre David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, aliujua ukweli huo. Kule Bujora, karibu na Kisesa, alikusanya ngoma na vifaa vya watemi kabla havijapotea, na leo tunalo Jumba la Makumbusho ya Wasukuma.

Wala kuchelewa si dhambi. Mtakatifu Augustino, ambaye chuo kikuu cha hapa Nyegezi kina jina lake, aliandika kitabu chake juu ya Utatu kwa miaka mingi. Na katika uzee wake, kabla ya kufariki mwaka 430, alivipitia upya vitabu vyake na kuyataja makosa yake waziwazi. Kukiri kosa, basi, ni sehemu ya usomi.

Kwa hiyo nimeandika hivi katika taarifa yangu: "Shahidi mmoja amefariki kabla ya kuhojiwa. Kosa ni la mtafiti." Msimamizi akitaka niifute sentensi hiyo, nitamwomba aiache.

Likizo hii sitaanza na kompyuta. Nitaanza na wazee watano waliobaki katika orodha yangu. Nawe, ndugu msomaji, pengine huandiki tasnifu, lakini nyumbani kwenu yuko anayekuulizia. Nenda kabla ya kuonyeshwa kaburi.

Nawatakia Dominika njema.