Kitabu kilichokutwa Hekaluni

Somo: 2 Wafalme 22:1–13, 23:1–3

Mfalme Yosia alikuwa katika mwaka wa 18 wa utawala wake alipoagiza Hekalu likarabatiwe. Fedha zilikwishakusanywa mlangoni, zikatengwa kwa ajili ya maseremala, waashi, mbao na mawe. Hakuna aliyetumwa kutafuta kitabu. Hata hivyo, kuhani mkuu Hilkia alikikuta humo kitabu cha Torati, akampa Shafani mwandishi, naye akamsomea mfalme. Yosia aliposikia, akayararua mavazi yake.

Wapendwa, Maandiko hayasemi kitabu kile kilisahaulikaje. Tunachoona ni kwamba makuhani walikuwapo na sadaka zilitolewa, lakini Neno lilikaa mahali ambapo hakuna aliyelisoma.

Nasi hapa Singida tunajenga. Kanisa jipya linapokamilika, vitu vya lile la zamani hutolewa nje. Kengele huhamishwa kwa heshima, kinanda hufunikwa turubai. Vitabu je? Vingine huachiwa mchwa, vingine huishia sokoni kufungia karanga. Ukiuliza, unajibiwa: siku hizi kila kitu kimo kwenye simu.

Simu ni baraka, tusibishane. Bibi asiyeona vizuri anakuza herufi na kujisomea Zaburi. Kijana aliye machimboni anasoma somo la siku bila kubeba begi. Lakini si kweli kwamba kila kitu kimo humo. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 utaipata simuni bila shida. Sasa tafuta humo vitabu vya zamani vya nyimbo, vya katekisimu, na sehemu za Maandiko zilizochapwa kwa Kinyiramba na Kinyaturu. Mara nyingi utatoka mikono mitupu.

Vitabu hivyo havikushuka kutoka mbinguni. Wamisionari wa Kilutheri, wakiwamo Waamerika wa Augustana waliofika Iramba miaka ya 1920, wasingeweza kuviandika peke yao. Ilibidi wenyeji wa lugha waketi nao na kuwaambia: hapa hatusemi hivyo, tunasema hivi. Wengi wa wenyeji hao majina yao hayakuandikwa kwenye jalada. Kazi yao ndiyo kumbukumbu yao. Nakala ya mwisho ikiungua jikoni, wamezikwa mara ya pili.

Ulaya nako walifanya hivyo hivyo. Biblia ya Johannes Gutenberg, iliyochapwa Mainz, Ujerumani, karibu mwaka 1455, ilitoka nakala zipatazo 180. Leo hazifiki 50. Baadhi ya kurasa zake zilikatwa zikatumika kujalidi vitabu vingine, kwa kuwa ilionekana ni karatasi chakavu tu. Sasa ukurasa mmoja huuzwa kwa mamilioni ya shilingi. Thamani ilikuwamo siku zote. Macho ya kuiona ndiyo yalichelewa.

Atakuwapo wa kusema kwamba tunaabudu karatasi. Hapana. Mtume Paulo, akiwa kifungoni, alimwomba Timotheo amletee joho lake pamoja na vitabu, na hasa vile vya ngozi (2 Timotheo 4:13). Mtu aliyejua kifo kiko karibu bado alitaka kusoma. Naye Yosia hakukifungia kile kitabu kabatini kiwe pambo. Aliwakusanya watu wote, wakubwa kwa wadogo, kikasomwa masikioni mwao.

Kwa hiyo, kabla ya kubomoa au kusafisha sakristia, wazee wa kanisa wachague watu wawili: mzee anayeijua lugha na kijana anayeijua simu. Waorodheshe kila kitabu. Wakipige picha ukurasa kwa ukurasa, ili nakala iwepo hata kama paa litavuja. Vitabu vyenyewe viwekwe kwenye sanduku la bati, mbali na ardhi. Kisha jumuiya moja ijaribu kuimba wimbo mmoja kutoka humo, watoto wakiwepo, wamsikie bibi akiueleza.

Hilkia alikuta kitabu kwa sababu mafundi walikuwa kazini na mtu mmoja alikuwa na macho. Mafundi tunao. Bwana atupe na macho.

Jumapili njema.